Mkonge, senene na miwani iliyomezwa na bahari

Babu yangu alikata mkonge miaka 27 huko Muheza. Aliletwa kutoka Kigoma akiwa kijana, akapewa namba kama wenzake wote, na ni namba hizo zilizowapa jina: manamba. Mimi nilikulia kambini. Nililala na kuamka na mngurumo wa korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, na ile harufu ya maji ya kijani yatokayo kwenye majani yaliyosagwa, harufu ambayo mgeni huziba pua lakini mimi hunikumbusha kurudi kutoka shule. Kwa hiyo mwaka 2024, dada yangu anayeishi Houston alipotualika kwake, nilimwambia mume wangu kuwa kabla ya kurudi nyumbani nataka kufika mahali panapoitwa Sisal, jina lilelile Waingereza wanalouita mkonge, kule Meksiko.

"Kuna nini?"

"Sijui. Labda mkonge."

Yeye ni Mhaya wa Bukoba, na ni mtu wa jedwali. Siku mbili baadaye alikuwa ameshapanga safari nzima kwenye kompyuta: saa ya kuamka, saa ya basi, kiasi cha kutumia kila mlo. Mexico City siku tatu, Oaxaca kwa ajili ya sikukuu ya marehemu, Puerto Escondido kwa ajili ya bahari, kisha Mérida. Sisal akaiweka mstari wa mwisho kabisa, na alama ya kuuliza. Viza ya Marekani iliyokuwa hai kwenye pasipoti zetu ilitutosha kuingia Meksiko, tukashukuru kuokoa mzunguko mmoja wa makaratasi.

Tulikuwa na miaka 11 ya ndoa, na hatukuwahi kusafiri wawili peke yetu zaidi ya siku nne. Misiba na harusi sizihesabu, maana huko mtu husafiri na ukoo mzima na hapati nafasi ya kumchoka mwenzake.

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Tanga tukifika Lushoto tu tunaomba sweta. Siku ya kwanza ngazi za metro zilinifanya nishike ukuta, usiku kichwa kikagonga kama ngoma. Jedwali lilisema saa tatu asubuhi Templo Mayor, saa sita Makumbusho ya Anthropolojia, saa kumi Coyoacán. Saa tatu hiyo nilikuwa nimejifunika shuka hadi kichwani. Akaenda peke yake. Aliporudi alikuwa na shida moja ya kuchekesha: alitaka kuninunia, na wakati huohuo alikuwa amejaa habari na hana mtu mwingine wa kumsimulia. Akavumilia dakika kumi. Kisha akaanza: kwamba hekalu la Waazteki lilikuwa limelala chini ya mitaa hadi mwaka 1978, mafundi wa umeme walipogonga jiwe kubwa la duara lililochongwa mungu wa kike aliyekatwakatwa viungo, hatua chache tu kutoka kanisa kuu. Kwamba kanisa lenyewe linazama, kwa kuwa jiji limejengwa juu ya ziwa. Nikamsikiliza nikiwa nimelala chali. Nakiri, sehemu kadhaa za safari ile nilizifurahia zaidi kwa kusimuliwa.

Metro nauli yake ni peso 5, na wakati ule dola moja ilikuwa kama peso 20, yaani unazunguka jiji zima kwa pesa ya karanga. Kila kituo kina jina na pia kina picha yake. Metro ilipofunguliwa mwaka 1969 wakazi wengi hawakujua kusoma, basi picha zikawafaa. Kwetu sisi tusiojua Kihispania zilifaa vilevile. Tukiwa mbele ya ramani, mume wangu akapiga kelele: "Senene!" Watu wakageuka. Picha ya kituo cha Chapultepec ni panzi, na jina lenyewe kwa lugha ya Kinahuatl ni kilima cha panzi. Akaipiga picha ramani ile mara tatu, akawatumia kaka zake Bukoba.

Asubuhi na jioni, watu wanapojaa, mabehewa ya mbele hutengwa kwa wanawake na watoto. Mimi niliingia, mlango ukafunga, yeye akabaki jukwaani akinitazama kama mtu aliyeachwa na meli. Hatukuwa tumekubaliana kituo cha kushukia. Nusu saa tulitafutana. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda chochote, tunaambizana kwanza tunashukia wapi, hata tukipanda daladala ya Mbagala.

Basi la kwenda Oaxaca huchukua karibu saa saba. Njiani lilisimamishwa, wakaingia wanaume wawili wenye sare. Walipita viti vyote bila kumgusa mtu, wakafika kwetu: pasipoti. Tukatoa. Wakauliza kama tunatoka Haiti. Wakauliza kama tunaelekea Marekani. Mume wangu akajibu kwa Kiingereza kwamba tunatoka Marekani, tena kwa ndege, tena kwa dada. Wakarudisha pasipoti bila neno. Basi lilipoondoka, bibi aliyekaa nyuma yetu akatupitishia mfuko wa machungwa yaliyomenywa. Hakusema kitu na sisi hatukuwa na la kusema zaidi ya gracias. Nilikula chungwa lile huku nimekasirika, na bado lilikuwa tamu.

Oaxaca ndipo tulipopendana tena na ndipo tulipogombana vibaya kuliko pote.

Tuanze na sokoni. Akina mama wamekaa mbele ya mabeseni ya panzi waliokaangwa, chapulines, wamepangwa kwa ukubwa, wekundu kwa pilipili, wananukia vitunguu saumu na ndimu. Watalii walikuwa wanaonja mmoja mmoja huku wamefumba macho. Mume wangu alichota kiganja kizima, akatupa mdomoni, akatafuna akitazama juu kama hakimu. Muuzaji akaacha kuhesabu pesa.

"Wembamba," akatoa hukumu. "Hawana mafuta. Na miguu hawajatoa."

Nikamweleza mama yule kwa ishara na maneno kumi niliyokuwa nayo kwamba kwao huyu bwana panzi hunyonyolewa mbawa na miguu kwanza, na kwamba ni zawadi ya heshima. Mama akacheka, akatujazia mfuko mdogo bure. Mfuko huo ulifika Houston, ukaliwa na mume wangu peke yake, pamoja na lawama zake zote.

Siku ya pili tulikwenda Matatlán, wanakopika mezcal, pombe kali ya huko. Hapo mimi ndiye niliyesimama nimeshika kiuno. Shamba zima, mistari kwa mistari, ni ndugu zake mkonge. Kwetu tunakata majani na kiini tunakiacha. Wao hutupa majani wakachukua kiini, wanakiita nanasi, wanakifukia kwenye shimo la mawe ya moto siku kadhaa, kisha farasi anazungusha jiwe kubwa kukisaga. Mpishi alinikatia kipande kilichoiva. Kilikuwa cheusi, kitamu kama kiazi kitamu kilichochomwa na kumwagiwa asali. Nikatafuna kama muwa, nikatema makapi kiganjani, nikayatazama. Singa. Singa zilezile babu alizozipeleka kwenye korona miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukoo wa mmea huu una utamu ndani.

Mume wangu akaonja mezcal yenyewe. "Hii ni gongo iliyosoma shule," akasema, akaomba nyingine.

Mwenye nyumba tuliyofikia alikuwa ametengeneza madhabahu ya marehemu sebuleni: maua ya rangi ya chungwa yanayoitwa cempasúchil, mishumaa, ubani wa copal, mikate, picha za wazazi wake. Mume wangu, Mkatoliki, alijua habari ya Marehemu Wote tarehe 2 Novemba. Asichokijua ni kwamba tarehe 1 huko ni ya watoto waliokufa, na wakubwa hufuata kesho yake. Mama yule akatuuliza kama tuna wafu wetu. Swali la namna hiyo Muheza mtu hulijibu kwa kuguna. Nikasema babu. Akaomba picha. Picha ya babu sina. Sijui kama aliwahi kupigwa nyingine zaidi ya ya kitambulisho. Akauliza basi alipenda nini. Nikapika chai ya rangi, sukari vijiko vinne, nikaiweka katikati ya maua. Asubuhi mama akanionyesha kikombe: chai imepungua. Alifurahi kweli.

"Ni mvuke," mume wangu akaninong'oneza kwa Kiswahili.

"Nyamaza."

Kila usiku mama huyo alituaga hasta mañana, yaani hadi kesho. Mume wangu, anayependa maneno, akagundua kwamba hasta ni hata yetu. Wote tumeirithi kwa Waarabu, wao kupitia Hispania, sisi kupitia pwani. Azúcar, sukari. Ojalá, inshallah. Na bandera yao ni bendera, mesa yao ni meza, ila hizo tulizipata kwa Wareno. Tulibaki na mchezo huo safari nzima, na kuna siku ulituokoa tulipokuwa hatuna jingine la kuzungumza.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 31 Oktoba. Jedwali lilisema saa tatu usiku tuwe kwenye makaburi ya Xoxocotlán, nje kidogo ya mji. Mimi nilikuwa nimesimama barabarani natazama msafara: tarumbeta, watoto waliopakwa nyuso za mafuvu, bibi harusi wa urefu wa mita tatu anayechezeshwa na mtu aliye ndani ya sketi yake. Sikutaka kuondoka. Yeye alikuwa ananivuta mkono. Tulipopata teksi barabara ilikuwa imeziba, na humo ndani ya teksi tukasemana kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, ile sauti mbaya zaidi. Aliniambia kwamba mimi sijui kumaliza jambo. Nilimwambia kwamba yeye hajui kuanza jambo bila kulitazama saa. Dereva akaongeza redio. Mwisho tukashuka, tukatembea kilomita moja na zaidi bila kushikana.

Makaburini tulifika saa tano. Sijui niseme nini kuhusu makaburi yale. Mishumaa ilikuwa mingi kiasi kwamba ukisimama unahisi joto usoni. Familia zimekaa kwenye viti juu ya mchanga uliopambwa maua, wanakula, wanapiga soga, mtoto amelala juu ya kaburi amefunikwa blanketi. Watalii nao ni wengi, na nilipoinua simu nikaona kamera nyingine kama ishirini zimeelekezwa kwa ajuza mmoja. Nikairudisha simu mkobani. Ajuza huyo akatuita tukae. Akatupa mkate. Mume wangu akanieleza, au labda alikuwa anamweleza ajuza, kwamba kwao kaburi la baba liko kwenye kibanja, katikati ya migomba, hatua ishirini kutoka mlangoni, na kwamba watu hupita hapo kwenda kukata ndizi bila kusema neno. "Sisi tunaishi nao," akasema, "ila hatuwaongeleshi." Tukakaa hadi saa nane usiku. Ugomvi wa teksi hatukuuzungumza tena, na sidhani kama ulikwisha. Ulikaa nasi pale, ukapewa mkate.

Kuhusu barabara ya kwenda Puerto Escondido nitasema machache. Ilikuwa saa sita au zaidi za kona na matapishi, lakini mwezi Februari 2024 barabara mpya ilifunguliwa na sisi tulitumia kama saa tatu. Kuna baridi, kuna misonobari, kisha ghafla kuna joto na minazi, nikajiona niko nyumbani.

Na hapo ndipo nilipokosea. Bahari ya kwetu Tanga ina matumbawe mbele yake. Mawimbi yanakufikia yakiwa yameshachoka. Ufuko wa Zicatela hauna ulinzi wowote. Wimbi limetoka katikati ya Pasifiki na halijakutana na kitu mpaka linapokutana na wewe, ndiyo maana watelezaji wa mawimbi huja hapo kutoka dunia nzima. Kulikuwa na bendera nyekundu. Bandera, bendera, tulijua hata neno lake. Nilimwambia mume wangu, mtoto wa ziwa, aingie hadi magotini tu, mimi mtu wa pwani naijua bahari. Akaingia hadi magotini. Wimbi likamchukua, likamgeuza kama chapati, likamrudisha mchangani amekaa, mzima, mdomo umejaa mchanga, na hana miwani.

Huyu ni mtu ambaye bila miwani haoni vidole vyake akinyoosha mkono. Ya akiba ilikuwa Houston, kwenye droo. Duka la miwani likasema lenzi zake zitachukua siku ambazo hatukuwa nazo. Tukarudi chumbani. Akafungua kompyuta, akaisogeza hadi puani, akaifunga.

"Soma wewe," akasema.

Basi kuanzia hapo nikasoma mimi: vibao, menyu, saa, jina la basi. Na kwa kuwa nilisoma mimi, jedwali likawa langu, na mimi sikulifuata. Tulilala hadi saa nne. Tulishuka ngazi ndefu za Carrizalillo, ghuba ambako maji ni mapole, nikamshika mkono kila ngazi. Nilimweleza ndege mwari wanavyojitupa majini kama mawe. Akauliza maswali ambayo hakuwahi kuuliza: mchanga una rangi gani hasa, yule anayecheka ana umri gani, wewe umevaa ile ya bluu? Sikumbuki mara ya mwisho aliuliza nimevaa nini.

Muuzaji wa madafu hapo ufukweni alikuwa mweusi kama sisi. Hakutuuliza kama tunatoka Haiti. Alisema anatoka Costa Chica, pwani inayoanzia magharibi ya pale na kuingia jimbo la Guerrero, ambako vijiji vya watu waliotokana na Waafrika vimekuwepo tangu enzi za Wahispania. Jimbo lenyewe limepewa jina la Vicente Guerrero, rais mwenye damu ya Kiafrika aliyefuta utumwa mwaka 1829. Katiba iliwatambua Waafrika wa Meksiko mwaka 2019 tu, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni mbili na nusu. Yeye alisema hivi, kwa jinsi nilivyomwelewa: hata mimi maofisa wamewahi kuniomba pasipoti. Pasipoti, ndani ya nchi yake. Alicheka akisema hivyo, akakata dafu kwa mapigo matatu.

Mérida ni tambarare, joto, na ina barabara pana ya majumba ya kifahari, Paseo de Montejo, yaliyojengwa kwa pesa ya katani. Mume wangu aliyaona kama keki za rangi mbalimbali. Tulienda shamba moja la zamani ambalo sasa hupokea wageni. Wanakupandisha kigari cha reli nyembamba kinachovutwa na nyumbu, kisha wanawasha mashine. Ilipoanza kunguruma nikafumba macho. Korona. Mume wangu akanishika bega, akadhani nimezidiwa na jua.

Mwongozaji akasimulia jinsi wafanyakazi walivyofungwa kwa madeni ya duka la shamba, jinsi Wayaqui, kabila la wenyeji, walivyosombwa kutoka kaskazini ya mbali kuja kukata, jinsi Wakorea zaidi ya elfu moja walivyoletwa kwa meli mwaka 1905. Nikamwambia babu yangu naye aliletwa, Afrika, kazi hiihii. Akanipeleka kwenye mmea. Nikalishika jani kama nilivyolishika utotoni, kwa ukingo, nikachomwa vidole vinne. Henequén, mkonge wa huko, una miiba pembeni. Mkonge wetu una mwiba wa ncha tu. Ni ndugu, si pacha. Nikanyonya damu huku nacheka, mwongozaji akiomba radhi.

Ilikuwa bado Novemba, na huko Yucatán siku ya nane baada ya marehemu kuondoka watu hupika tena. Mhudumu wa hoteli alitupa kipande cha pib, unga wa mahindi na kuku uliofungwa majani ya mgomba na kuokwa ardhini. Mhaya wangu akanusa jani la mgomba, akala bila kutoa hukumu yoyote.

Sisal yenyewe iko karibu kilomita 50 kutoka Mérida. Bandari hii ndiyo iliyoipa katani jina duniani, kwa kuwa marobota yalipakiwa hapa. Mimea iliyotoka Yucatán ilifika Florida, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka huko, ikapitia Hamburg, ikafika Tanga ikiwa imebaki 62. Wazee husimulia kuwa ilifichwa ndani ya mamba aliyekaushwa, siwabishii. Kutoka miche hiyo 62 tukafika kuwa wa kwanza duniani, tani kama 230,000 mwaka 1964, babu akiwa mmoja wa wakataji.

Tulishuka kwenye basi dogo saa tano. Kijiji kimelala. Ngome ndogo ya zamani, nyumba za chini, mbwa kivulini, gati refu linaloingia kwenye maji ya kijani. Tulitembea hadi mwisho wa gati, mume wangu mkono begani kwangu.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia: wavuvi wanne, boti zimepakwa buluu na nyeupe, ndege wa kijivu juu ya kila nguzo, mtoto anavua kwa kopo.

"Na mkonge?"

Nikatazama pande zote mbili za ufuko. Minazi, mchanga, magugu.

"Hakuna."

Akanyamaza kidogo. Mvuvi mmoja alikuwa anafunga boti yake karibu na miguu yetu. Mume wangu akainama, akapapasa hadi akaishika kamba, akaisogeza karibu na macho.

"Hii je? Si katani hii?"

Nikaishika na mimi.

"Nailoni," nikasema.